Kichujio cha Mzee Mita

Kwa miaka thelathini na moja aliingia kwenye nyua za watu bila kukaribishwa ndani. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Alifunua kifuniko cha chuma kwa ncha ya kiatu, akainama, akapangusa kioo kwa kidole gumba, akaandika namba, akaenda nyumba ya pili. Mbwa wanne walimng'ata kwa nyakati tofauti, na aliweza kukuonyesha kovu la kila mmoja na kukueleza alikuwa mbwa wa nani. Watu hawakulijua jina lake. Walimwita Mita, na alipoota mvi wakamwongezea Mzee, basi akawa Mzee Mita hata nyumbani kwake, hasa mkewe alipokuwa na hasira.

Alipostaafu hakuacha. Kila asubuhi kabla ya chai alitoka na kandambili zake hadi karibu na geti, akafunua kifuniko cha mita yake mwenyewe na kuangalia lile gurudumu dogo jekundu lililo chini ya kioo. Watu ndani wakitumia maji, linazunguka. Nyumba ikitulia, linasimama. Alisimama pale kama mtu anayempima mgonjwa mapigo ya moyo, kisha akarudi ndani ameridhika.

Binti yao alipopiga simu kusema anakuja kukaa nao na mtoto wa miezi miwili, kwa sababu mumewe amepata mkataba wa mwaka mzima ng'ambo na likizo yake mwenyewe ya uzazi inaisha, mkewe alikimbilia kabatini kutafuta shuka laini. Mzee Mita alikwenda jikoni, akajaza glasi na kuinyanyua dirishani. Maji ya mtaa ule yalipita kwenye mabomba ya zamani, na kila yalipokatika na kurudi yalikuja na rangi ya chai iliyopoa. Isitoshe yalinuka dawa.

"Mjukuu wangu hataoga haya," alisema.

"Wewe si uliyaoga na kuyanywa, na ukazeeka nayo?" mkewe alimjibu kutoka chumbani.

"Ndiyo maana nikawa hivi."

Ndipo akaanza kutafuta kichujio cha nyumba nzima, siyo kile cha kukaa juu ya meza. Alikifanyia kazi kama mtu anayechagua mchumba. Alizunguka maduka matatu. Aliuliza maswali hadi muuzaji mmoja akamwambia, "Mzee, hiki ni kichujio, sio ndege." Alirudi na vipeperushi, akavisoma kwa miwani mezani, akapigia mistari. Mwishoni alichagua chenye mitungi miwili ya plastiki nene: wa kwanza una roho ya nyuzi zilizosokotwa, ya kuzuia mchanga na kutu, wa pili una roho ya mkaa uliogandamizwa, ya kuondoa harufu na ladha mbaya. Kilikuwa kizuri, na kiliwafaa. Katika kuchagua hakukosea hata kidogo.

Alikosea mahali pa kukiweka.

Fundi bomba alikuja na begi lake la spana, akaizunguka nyumba, akaonyesha bomba linaloshuka kutoka kwenye tenki, ambalo lilikuwa juu ya nguzo za chuma nyuma ya jiko.

"Tukifunge hapa, mzee. Maji yakishatoka kwenye tenki, kabla hayajaingia ndani."

"Hapana. Kinakaa kule, kwenye mita."

"Wengi naona wanaweka hapa."

"Kwa nini wanaweka hapo?"

Fundi alijikuna kisogo. Hakujua. Alikuwa amefundishwa hivyo na aliyemfundisha, ambaye naye labda alifundishwa hivyo.

"Haya, nikwambie mimi," alisema Mzee Mita. "Maji ya nyumba yanaanzia kwenye mita. Uchafu nikiuacha upite pale uende kulala kwenye tenki, nitakuwa nimefanya nini? Ninauzuia getini. Kwenye tenki yanaingia maji ambayo tayari ni safi."

"Mimi nani nibishane na mtu wa maji," fundi alisema, akabeba begi lake kuelekea getini. "Ila ukiona presha imepungua usinitukane."

Presha haikupungua. Maji yalitoka meupe, hayana rangi, hayana harufu ya dawa. Mkewe aliyanusa, akayaonja, akayanusa tena. Jirani alikuja na jagi. Mzee Mita alitangaza kwamba kuanzia siku ile hakuna kuchemsha maji tena katika nyumba ile, wala ya kunywa wala ya kusuuzia vyombo vya mtoto.

"Ya mtoto nitachemsha," mkewe alisema.

"Unachemsha nini sasa? Angalia." Alimwonyesha glasi. "Unataka kuchemsha hewa?"

Akaacha kuchemsha. Alikuwa ameishi na mtu wa maji miaka yote hiyo, nani angembishia?

Karibu na kichujio Mzee Mita alitundika daftari dogo ndani ya mfuko wa nailoni. Humo aliandika kila tarehe aliyofungua mtungi wa kwanza na kuzisugua nyuzi zake kwa brashi, na kila tarehe aliyobadilisha mkaa. Kipeperushi kilisema mkaa ubadilishwe baada ya miezi mitatu, naye hakuvusha hata siku moja. Alifunga koki, akafungua mtungi kwa ufunguo wake mkubwa wa duara, akatoa mkaa wa zamani kwa mikono miwili kama anayemtoa mtoto kwenye beseni, akaweka mpya, akapaka mpira mafuta kidogo usivuje. Tenki hakulipanda hata mara moja. Lichafuke na nini, kama yanayoingia ni safi?

Binti alikuja, na mtoto akawa ndiye mwenye nyumba. Binti alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji. Alitoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na moja, na kutwa nzima mtoto alikuwa wa bibi yake. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho upande wa kushoto, na la kulia nalo lilikuwa limeanza ukungu. Alifanya kazi zake kwa vidole zaidi ya macho. Chupa za maziwa aliziosha kwa brashi ndefu na sabuni, akapitisha kidole kwenye ukingo, akasikiliza kama zinalia kwa usafi, kisha akazisuuza bombani na kuzipanga juu ya kitambaa kama askari wa gwaride. Alimwimbia mtoto nyimbo alizozitunga palepale, zote kuhusu tumbo lake kubwa.

Mtoto aliharisha kabla ya kumaliza mwezi mmoja pale. Wakasema amebadilisha mazingira. Alipona, akanenepa. Miezi ikapita, akaharisha tena, safari hii kwa siku tano, mpaka utosi ukabonyea, na daktari wa zahanati akamuuliza mama yake ni nani anayetayarisha maziwa.

Swali lile lilirudi nao nyumbani na likakaa. Siku ile Mzee Mita alimwona binti yake jikoni akiinua chupa moja moja kuelekea dirishani, na alimwona mkewe, aliyesimama mlangoni na mtoto begani, akimwona binti yake akifanya hivyo.

"Mama, hapa kwenye shingo ya chupa kuna mafuta yamebaki."

"Yako wapi?"

"Hapa. Huoni?"

Mkewe alichukua chupa, akapitisha kidole. "Haya. Nitairudia."

Tangu siku hiyo alianza kuziosha mara tatu. Kila mara alizisuuza kwa maji mengi yanayotiririka, maji ya babu yake mtoto, akizigeuza na kuzigeuza. Mita kule getini ilizunguka kuliko zamani.

"Mama anachoka, Baba," binti alimwambia baba yake siku moja, kwa sauti ya chini. "Haoni vizuri. Sisemi hampendi mtoto. Nasema haoni."

Mzee Mita angeweza kusema neno. Alitazama kandambili zake. "Mama yako ni msafi," alisema, lakini alilisema kama mtu anayesoma maandishi ya kwenye ukuta, na binti akaliacha lipite.

Mtoto alipougua mara ya tatu alilazwa. Siku mbili alikuwa na sindano ya maji kwenye mguu, mdomo umekauka, hata kulia halii. Bibi yake alikaa kwenye benchi la korido, mikono mapajani, viganja vikiangalia juu, kama anayemwonyesha mtu kwamba havina kitu. Muuguzi alipopita na kuuliza nani anamlea mchana, alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

Waliporudi nyumbani, ilikuwa Jumatano, binti alisema wakiwa mezani: "Jumamosi nahamia kwa rafiki yangu karibu na kiwanda. Kuna mama wa makamo pale anawaangalia watoto. Ana macho."

Lile neno la mwisho nadhani lilimtoka tu. Alijaribu kulirudisha: "Namaanisha, Mama, upumzike na wewe." Mama yake alitikisa kichwa kuitikia, akanyanyuka kukusanya vikombe.

Kisha binti akamsogezea baba yake fomu ya kliniki mpya pamoja na kadi ya mtoto. "Nijazie, Baba, wewe una mwandiko mzuri wa namba. Wanataka tarehe za kila alipougua."

Alivaa miwani. Alinakili tarehe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu aliyesoma namba miaka thelathini na moja hazitazami kama sisi. Kwake namba zina sura. Hizi alikuwa amewahi kuziona sura zake. Alibaki na kalamu mkononi, kisha akatoka nje hadi getini, akachomoa daftari kwenye mfuko wa nailoni.

Siku aliyofunga kichujio, na baada ya wiki chache, mtoto. Siku aliyoweka mkaa mpya wa kwanza, na baada ya siku kumi, mtoto. Mkaa mpya wa pili, siku kumi na moja. Katikati, mkaa ulipochakaa, hakuna kitu. Mjukuu wake aliugua kila alipokitunza kichujio vizuri.

Asubuhi ya Alhamisi alimwita mzee mwenzake wa idara ya maji, aliyekuwa kwenye maabara na ambaye wote walimwita Tone, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila kichupa cha matone ya kupimia dawa ya maji mfukoni. Alikuja akikokota mguu, akiwa bado na kichupa chake, japokuwa alistaafu kabla ya Mita.

"Umenunua mtambo wa kiwanda cha soda?" aliuliza alipoona mitungi.

"Pima, acha maneno."

Tone alichukua maji ya bomba dogo la pembeni ya mita, kabla hayajapita kwenye kichujio. Matone mawili. Maji yakawa manjano: dawa ipo. Akachukua ya bomba la jikoni. Matone mawili, matatu, manne. Hayakubadilika. Alitikisa kichupa, akakitazama, akamtazama rafiki yake, na mzaha ukamtoka usoni.

"Hiki umekiweka kabla ya tenki?"

"Kabla."

"Kwa hiyo unatoa dawa yote kwenye maji, halafu unayaweka kwenye tenki la joto yalale siku mbili bila mlinzi." Tone alizungumza polepole. "Mita. Ile harufu uliyokuwa unaichukia, ndiyo iliyokuwa inaua vijidudu. Mkaa ukiwa mpya unaikamata yote. Ukichoka, inaanza kupenya kidogo, tenki linapata nafuu. Ukibadilisha, unawapa wadudu likizo nyingine."

"Ningejuaje?"

"Wewe ulikuwa unasoma namba za nje. Yaliyomo ndani yalikuwa kazi yangu. Ungeniuliza."

Tone alishika ngazi, Mita akapanda, akafungua kifuniko cha tenki. Alitia mkono na kugusa ukuta wake kwa ndani. Ulikuwa na utelezi kama mgongo wa samaki. Alivirudisha vidole kwenye mwanga, akavitazama, akavipangusa kwenye shati lake.

"Usimwambie mtu," alisema aliposhuka.

"Mimi sina wa kumwambia. Wewe unaye."

Ijumaa alifanya kazi peke yake tangu asubuhi. Alimwaga tenki lote, akalisugua, akalijaza maji yenye dawa kali, akaliacha, akalimwaga tena. Alikatisha bomba, akahamisha mitungi kutoka getini hadi nyuma ya jiko, pale fundi alipoonyesha kwa kidole, ndipo akalijaza tenki upya. Binti, aliyekuwa amechukua ruhusa kazini ili afunge mizigo, alitokeza dirishani.

"Baba, kuna nini?"

"Usafi tu wa kawaida."

Usafi tu wa kawaida. Akiwa juu ya ngazi aliweza kuona jikoni kwa juu. Mkewe alikuwa anachemsha maji kwenye sufuria, kimyakimya, bila kumwomba mtu ruhusa, na chupa zilikuwa zimepangwa kwenye kitambaa. Aliziosha mara ya kwanza. Akaziosha mara ya pili. Mara ya tatu alizinyanyua moja baada ya nyingine mbele ya jicho lake la kulia, karibu kabisa, hadi kioo kikamgusa kope.

Mzee Mita alikuwa na hesabu yake kichwani, na ilikuwa nzuri. Tenki safi, kichujio mahali pake, mtoto anahama hata hivyo. Hatougua tena huko, na hata akirudi kutembea hapa hatougua. Kila kitu kitakuwa kimerekebishwa, na hakuna atakayejua kulikuwa na kitu. Ila kila alipofika mwisho wa hesabu hiyo alikuta kitu kimebaki juu, mtu mmoja, mwenye jicho lenye ukungu, ambaye maisha yake yote yaliyobaki angeamini kwamba mikono yake ilikaribia kumuua mjukuu wake.

Jumamosi saa tatu gari la rafiki wa binti lilisimama getini. Mizigo ikatoka. Bibi alileta chupa, zimefungwa kwenye kitambaa cheupe, fundo juu.

"Hizo ziache, Mama," binti alisema kwa upole. "Nitanunua mpya."

Bibi alibaki amezishika. "Nimezichemsha," alisema.

"Najua, Mama. Ziache tu."

"Sio chupa," alisema Mzee Mita.

Wote wawili walimgeukia.

"Ni maji. Ni mimi. Kichujio nilikiweka mahali sipo. Kilitoa dawa kwenye maji, maji yakaozea kwenye tenki, halafu nikamkataza mama yako kuchemsha. Alitaka kuchemsha. Mimi ndiye niliyemkataza." Aliona anasema haraka mno, kama anayetaka kumaliza kabla mbwa hajafika. "Kila alichosuuza kwa maji yangu alikichafua. Alivyozidi kusuuza ndivyo ilivyozidi. Mikono yake haina kosa."

Binti alimsogeza mtoto begani. Alitazama nyuma ya jiko, kwenye mitungi iliyohamishwa, na bomba jipya ambalo bado lilikuwa na utepe mweupe kwenye maungio.

"Jana nilikuuliza," alisema. "Nikiwa pale dirishani. Ukaniambia usafi."

"Nilikwambia hivyo."

"Na ulikuwa unajua."

"Tangu juzi."

Mtoto alichezesha miguu begani kwa mama yake, akamvuta hereni. Binti hakupiga kelele. Ingekuwa rahisi kama angepiga. Alimsogelea mama yake, akamshika kiwiko. "Mama. Lile neno la macho..."

"Ulisema ulichokiona," mama yake alisema.

"Twende wote. Kaa nami huko, hata kama ni mwezi. Yule mama mwingine nitamwambia asijisumbue. Mama, tafadhali."

Bibi aligeuka na kifurushi chake. Aliingia ndani. Mzee Mita alimfuata hadi chumbani, akamkuta anatia nguo mbili na mtandio kwenye mfuko, akivipapasa kwanza kama vimekauka.

"Jana ulikuwa kwenye ngazi," alisema bila kugeuka. "Nilisikia spana inaacha kugonga. Nikajua unaniangalia."

"Nilikuwa nakuangalia."

"Nikiosha."

"Ukiosha."

Alifunga mfuko. Mumewe alisubiri amwambie kitu, chochote, hata lile jina la hasira. Mkewe alipita karibu yake, akasimama kidogo kwenye korido, mkono ukutani, akitafuta kizingiti kwa mguu. Mita aliunyoosha mkono wake kumsaidia. Aliushika, kwa sababu kizingiti kilikuwa kirefu, na alipovuka akauachia.

"Sufuria iko jikoni," alisema. "Chemsha maji yako."

Gari liliondoka na wote watatu, na kile kifurushi cha chupa kilikuwa mapajani kwa bibi.

Kesho yake asubuhi alivaa kandambili, akaenda hadi getini, akafunua kifuniko kwa ncha ya mguu. Akainama na kupangusa kioo. Ukutani palipokuwa na kichujio pamebaki misumari miwili na daftari lake kwenye mfuko wa nailoni, likipepea kidogo. Alisimama pale kuliko kawaida yake, akisubiri mtu ndani afungue bomba, ingawa alijua. Gurudumu jekundu halikusogea.